Orval Tveit, Aliyepima Baruti Mara Mbili

Marehemu Orval Tveit alizaliwa tarehe 11 Machi 1947 katika shamba la ngano nje ya Choteau, Montana, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Nels na Bibi Hilma Tveit. Mama yake alizoea kusema kwamba huyu alizaliwa akiwa ameshachelewa kwenda mahali, na tangu siku hiyo hakuna kiti kilichomfahamu vizuri.

Alisoma hapa hapa Choteau, akamaliza sekondari mwaka 1965, ingawa walimu wake waliukumbuka zaidi mgongo wake ukielekea mlangoni. Baadaye aliendesha greda la barabara hadi alipostaafu. Njia za changarawe mlizopita leo kuja kanisani alizisawazisha yeye. Mashimo yamekuja baada yake.

Tarehe 19 Juni 1971 alimwoa Ardis Stenerson, mwindaji hodari kumzidi yeye. Orval hakuweza kumvizia kulungu: mara akohoe, mara asimame, mara aulize saa. Basi wakagawana kazi, Ardis apige, Orval atengeneze risasi. Katika karakana yake aliyajaza upya maganda yaliyotumika, akipima baruti ya kila moja kwenye mizani ndogo. Hapo tu ndipo alipotulia, pumzi kaishikilia mpaka mshale wa mizani usimame.

"Orval, chakula kinapoa!"

"Nakuja, napima."

"Si ulishapima?"

"Nilipima. Sasa napima kama nilipima."

Alikuwa na amri moja: kopo moja tu la baruti mezani. Baruti ya bastola huwaka upesi mno. Ikiingia kwenye ganda la bunduki, bunduki humpasukia mpigaji usoni.

Mwaka 2019 alianza kusahau. Kwanza majina, kisha njia. Leseni ya udereva ikachukuliwa, na hilo alilisahau kwa makusudi. Karakana hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Asubuhi ya tarehe 22 Oktoba 2022 msimu wa kuwinda ulifunguliwa. Ardis na kaka yake Delmer walikwishapanda mlimani na risasi mpya za Orval. Naye, asiyeweza kukaa, akaenda kufagia karakana. Akainua kopo la baruti ya bastola. Jepesi. Akalitikisa, akalirudisha, akaliinua tena. Siku chache nyuma, kabla ya kujaza hizo za bunduki, alikuwa amejaza risasi za bastola, na baruti iliyobaki kwenye kipimio aliirudisha... kopo gani? Hakukumbuka. Mizani nayo isingemwonya, maana mizani hujua uzito, haijui aina.

Akachukua funguo za pikapu. Alipanda mlima akipiga honi tangu chini hadi juu, na kila kulungu wa upande ule akahama. Ardis alikuwa ameshamlenga dume mkubwa, kidole kwenye kifyatulio, dume akatimka.

"Nani kakupa funguo wewe?"

"Umefyatua?"

"Nimfyatulie nani? Umewafukuza wote!"

"Ardis! Umefyatua?"

"Bado!"

Orval akakaa chini, kwenye theluji.

Alipowaeleza shaka yake, Delmer alicheka njia nzima ya kurudi. Karakanani wakazifungua risasi moja moja. Ya kwanza ilimwaga vijiti vyeusi vifupi, baruti ya bunduki, sawa kabisa. Ya pili vile vile.

"Shemeji," Delmer akasema, "yule dume nimemngoja mwaka mzima, wewe unamletea tarumbeta!"

Iliyofuata ikamwaga vipande bapa, baruti ya bastola. Ile iliyokuwa tayari ndani ya bunduki, Ardis aliifungua mwenyewe. Vipande bapa.

Jioni hiyo Orval alifunga karakana, akamkabidhi Ardis ufunguo. "Usinirudishie hata nikilia," akamwambia. Alilia mara nyingi. Hakurudishiwa.

Baada ya hapo alitembea tu, dirishani hadi mlangoni, akiuliza nani yuko mlimani. Nimonia ilimlaza mwezi Januari. Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Ardis.

Ameacha mabinti wawili, Karlene na Twyla, wajukuu watano, shemeji yake Delmer, ambaye hajamsamehe kuhusu yule dume wala hana mpango huo, na mjane wake Ardis, aliyeketi hapo mbele, akiwa na macho yake yote mawili.

Mungu amlaze pema. Apumzike sasa, alishahakikisha.