Funkia za Bibi Hedvig Zimegeuka Kijani

Benchi letu lipo Bredäng, huku kwa Waswidi, nje ya stesheni ya treni ya chini ya ardhi, mkabala na duka la mikate. Jumamosi za kiangazi tunakutana hapo. Mimi ni Adelina, nafua mashuka ya hospitali, na kahawa inayonywewa hapo ni yangu, ndani ya chupa yangu, kwa hiyo nikisema neno lazima nisikilizwe. Upande wa dukani hukaa Mashauri, tunayemwita Spana, anaunganisha malori kiwandani kule Södertälje. Katikati ni Ladislaus, aliyekuja zamani kusomea misitu na mpaka leo hajamaliza, basi jina lake ni Daktari Bado. Mwishoni hukaa Mzee Mukasa, Mganda, aliyekuwa bwana shamba kwao Masaka mpaka alipolazimika kukimbia. Huku anaosha mabasi, lakini jina la Bwana Shamba hatukumvua. Jumamosi moja ya mwisho wa Juni, mwaka wa sabini na tano, alikuja na jani kubwa kwenye mfuko wa plastiki, akaliweka benchini bila hata salamu.

Spana: Mboga gani hiyo, Mzee?

Bwana Shamba: Si mboga. Inaitwa funkia.

Spana: Inaliwa?

Bwana Shamba: Hailiwi. Inatazamwa.

Spana: Lo! Yaani mtu analima kitu cha kutazama?

Bwana Shamba: Anakitazama, halafu anakwenda kutazama cha jirani, halafu wanabishana. Ndiyo kazi ya bustani zao.

Habari ya bustani hiyo tulikuwa tunaijua. Bibi Hedvig, mzee wa Kiswidi, ana kipande chake kwenye bustani za chama cha watunza bustani kule chini, na kibanda chekundu kidogo. Aprili alivunjika nyonga, akaenda kuuguzwa kwa binti yake kaskazini. Akamwachia Mukasa ufunguo na neno moja tu: zitunze funkia zangu za dhahabu. Zikipendeza, alisema, nitakusemea kwa wazee wa chama, maana mimi sasa nimechoka, na hiki kipande kitataka mtu.

Daktari Bado: Sasa shida iko wapi? Hili jani limenona. Pana kama sinia.

Bwana Shamba: Rangi, bwana! Hii ni rangi gani?

Daktari Bado: Kijani.

Bwana Shamba: Na dhahabu ni rangi gani?

Hapo wote wakaliangalia lile jani upya.

Mimi: Mzee, umezifanya nini?

Bwana Shamba: Banange, nilizitibu! Mwezi wa tano zimetoka ardhini zote njano, njano kabisa. Mimi nimefanya kazi ya shamba miaka kumi na nane. Jani likiwa njano lina njaa. Hindi likiwa njano, lina njaa. Mche wa kahawa ukiwa njano, una njaa. Ningekaa nazitazama tu? Nikaleta samadi ya farasi, toroli kwa toroli. Nikazijengea kichanja cha kivuli, vile tunavyofanyia miche ya kahawa kwetu. Zikapona.

Spana: Zikapona!

Bwana Shamba: Nilifurahi, nakwambia. Kila asubuhi nakwenda kuziona, na kila asubuhi zimezidi ukijani. Mpaka jana. Sundin, yule mzee wa jirani, kachungulia juu ya ua unaotutenganisha, kacheka, kaniuliza dhahabu ya Hedvig imekwenda wapi. Ndipo nikaelewa. Kumbe ule unjano ndio dhahabu yenyewe.

Spana alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Mimi sikucheka sana.

Bwana Shamba: Cheka tu. Kesho bibi anarudi. Mimi naishi ghorofa ya saba, miaka mitatu sasa sijashika udongo wangu. Mke wangu Damalie kanikataza nisichimbue vyungu vyake vya maua. Kile kipande nakitaka. Nakitaka jamani, naona hata aibu kusema ninavyokitaka.

Alivyosema hivyo wenzangu wakaanza kusaidia. Mungu akuepushe na msaada wa watu wawili wasiojua kitu.

Spana: Hilo dogo. Kosa lako ni kivuli. Vunja kichanja leo. Mimi nakuletea taa mbili za lori na betri. Unaziwashia usiku kucha, asubuhi dhahabu.

Daktari Bado: Taa za nini, na jua lenyewe usiku halitaki kuondoka? Sikilizeni sayansi. Huku Juni hakuna giza. Jani halilali. Jani lisipolala linachoka, likichoka linabadilika rangi. Afunike na mablanketi, zilale.

Bwana Shamba: Daktari, ulifikia mwaka wa ngapi chuoni?

Daktari Bado: Usiniingize huko.

Spana: Basi tupake bizari. Dukani kwa yule Mhindi aliyetoka Jinja kuna manjano safi. Unachanganya na maji, unapaka kwa sponji, jani moja moja. Bibi mwenyewe macho yake mazima?

Bwana Shamba: Nyonga ndiyo iliyovunjika, si macho.

Mimi: Na mvua ikinyesha? Zitachuruzika mchuzi.

Daktari Bado: Ngoja. Huyo Sundin naye anazo hizo funkia?

Bwana Shamba: Anazo, upande wa pili wa ua. Na hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Zake Mei zilikuwa kijani. Sasa zinageuka njano, jani kwa jani.

Spana akakiweka kikombe chini.

Spana: Rudia.

Bwana Shamba: Zangu njano zimekuwa kijani. Zake kijani zinakuwa njano.

Spana: Kakuibia rangi.

Mimi: Ebo! Mashauri!

Spana: Da Adelina, hesabu ndiyo hiyo. Huku imepungua, kule imeongezeka. Yule mzee ana dawa.

Daktari Bado: Si dawa, ni mizizi. Mizizi ya Sundin imepita chini ya ua, inanyonya. Kisayansi hilo linawezekana kabisa.

Spana: Dawa! Waswidi wanazo, hawasemi tu. Kwa nini acheke? Mtu asiye na lake anacheka juu ya ua wa mwenzake?

Bwana Shamba: Kwa kweli alicheka vibaya.

Na yeye, bwana shamba mzima wa serikali, alianza kuamini. Nilimwona. Wakapanga waende jioni, Spana achimbe mtaro kando ya ua wakate hiyo mizizi, na kama hamna mizizi basi wazing'oe za Sundin wazihamishie kwa bibi, za bibi wazipeleke kwa Sundin, na kila mtu akae kimya. Nikawaambia mkishikwa msinitaje.

Tukiwa hapo hapo, mlango wa stesheni ukafunguka, akatoka Bibi Hedvig mwenyewe na fimbo yake. Siku moja kabla. Mukasa akalikalia lile jani.

Bibi akaja moja kwa moja. Nikampa nafasi yangu na kikombe. Akashukuru, akanywa, kisha akaongea Kiswidi taratibu, vile wazee wao wanavyotuongelesha.

“Herr Mukasa, umekalia jani langu.”

Mukasa akasimama. Jani lilikuwa limevunjika katikati. Akamweleza yote, bila kuficha: njaa, samadi, kichanja. Kiswidi chake ni kizuri kuliko chetu.

Bibi akalinyoosha jani kwenye paja lake.

“Hizi kila mwaka zinakuwa kijani baada ya Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi. Zangu zina dhahabu mwanzoni, za Sundin zina dhahabu mwishoni. Ni aina mbili. Ndiyo maana hatujawahi kuzilinganisha siku moja, na kila mwaka ananiuliza swali lile lile juu ya ua.” Akalipima jani kwa kiganja. “Ila hazijawahi kuwa kubwa hivi. Kichanja chako kibaki.”

Spana akasema kwa Kiswahili kwamba yeye tangu mwanzo aliona hakuna tatizo. Mukasa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, kofia mkononi.

“Nitasema na wazee wa chama Jumatatu,” bibi akaendelea. “Vuli hii nitagawa mashina, nusu nikupandie wewe. Lakini shina likigawanywa linarudi nyuma. Linachukua miaka mitano, sita, ndipo jani linakuwa jani, ndipo unaweza kusimama na Sundin ukabishana. Halipendi kuhamishwa.” Akamtazama. “Utakuwepo?”

Mukasa akaivaa kofia, akaivua tena. Daktari Bado akainama kufunga kamba ya kiatu. Spana, ambaye kila Desemba anatuaga kwamba huu ndio mwaka wake wa mwisho huku, akawa anatazama duka la mikate. Na mimi je? Nyumbani kwangu pazia sijanunua mpaka leo, maana la nini, tunaondoka.

Bibi alisubiri. Hakuwa na haraka.

“Adelina,” Mukasa akasema mwishowe, kwa Kiswahili, “hebu mwambie.”

“Nimwambie nini, Mzee?”