Ragnhild Thyregod Anashusha Fidla ya Pili

Baada ya miaka thelathini na minne ya kushika fidla ya pili katika kwarteti yetu, kundi letu la wapigaji wanne, Ragnhild Thyregod anastaafu tarehe 31 Mei. Alijiunga nasi siku ya mvua hapa Aalborg, akatukuta watatu tumenuniana: Preben na fidla yake ya kwanza, Inger na viola, na mimi, Asger, na selo. Hakuuliza tumegombania nini. Aliuliza kama kahawa ipo.

Sifa za wahakiki zilichelewa, kisha zikaja kwa mkupuo. Rekodi yetu ya tatu ilipewa nyota zote sita na gazeti moja la Copenhagen, na huko London wakaandika kwamba tunapumua kwa pafu moja. Aliyetajwa kwa jina ni Preben, kama kawaida. Fidla ya pili haina mashabiki wengi. Ragnhild alikuwa akisoma huku akicheka: "Preben, hicho kichwa kitapita mlangoni kweli?"

Nasi tuna sheria yetu: aliyekosea jukwaani huleta keki asubuhi inayofuata. Hakuna kujitetea.

Basi kuna onyesho moja tulilofanya Odense. Kabla ya sehemu ya polepole, Ragnhild alifunua kurasa mbili kwa pamoja. Akawa anahangaika kutafuta alipo, nasi tumeinua pinde tunamsubiri, ukumbi kimya. Kumbe mhakiki yupo! Kesho yake akaandika kwamba hajawahi kusikia kimya chenye ujasiri kama kile. Ragnhild akaja na keki ya tufaha.

"Keki ya nini sasa?" Preben akang'aka. "Si tumesifiwa?"

"Tumesifiwa kwa kosa langu. Kula."

Preben akataka kimya kile kiingie kwenye rekodi tuliyokuwa tukiiandaa ya muziki ule. Ragnhild akakataa katakata. Wiki nzima waliongea kupitia kwangu, nikawa kama posta, na nilianza kuamini kwamba kundi limekwisha. Mwishowe Ragnhild akamwambia, "Ukikipanga kinakuwa uongo, na mimi uongo siupigi." Tukarekodi kama kawaida. Wahakiki wakaisifu rekodi ile vilevile, na wale wawili wakarudia ugomvi wao wa siku zote, wa dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Januari mwaka huu tulizindua rekodi mpya kwa onyesho hapa nyumbani. Sifa zake zilipita zote zilizotangulia, na safari hii mhakiki alimtaja Ragnhild kwa jina, akaandika kwamba mkono wake wa kushoto haujui uzee. Asubuhi ile ile gazeti lilipotoka, akaingia na keki.

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amesikia kosa lolote.

"Wewe mama, unatutania?" Inger akamuuliza.

Akanyoosha mkono, akatuonyesha jinsi kidole chake kidogo kinavyokawia kukunjuka. "Kosa nimelisikia mimi," akasema. "Mkingoja mpaka mlisikie nyinyi, nitakuwa nimeshachelewa."

Tulimbembeleza jamani. Preben, mtu asiyemwomba mtu hata chumvi mezani, alimwomba abaki walau msimu mmoja tu. Ragnhild akamkatia kipande kikubwa cha keki, na jibu likabaki lile lile. Mimi nililia, na sioni haya kulisema hapa.

Ragnhild, asante kwa kila jioni, na kwa kutukatalia pale ambapo sifa zilikuwa zimetulevya. Nenda kapumzike, kapalilie viazi vyako, na afya isikupe kisogo. Maisha yaliyo mbele yako yawe matamu.

Ila Oktoba usipange safari. Tumekuwekea kiti safu ya tano kwenye onyesho letu. Miaka yote hii watu wametusikia, wewe hujapata hata siku moja ya kuketi ukatusikiliza. Njoo usikilize. Na ukiona kuna kitu kimepungua, ujue hicho ndicho ulichokuwa ukikipiga wewe.