Sweta Lililotoka Kila Mahali

Ting! Sindano ya kufumia ilianguka kwenye saruji, ikabingirika, ikanyamaza. Kinyozi aliisikia akiwa kitandani, upande wa pili wa ukuta, akajifunika shuka. Asubuhi alikuta sweta limekunjwa juu ya kiti, na mjane wa baba yake keshatoka. Alilivaa, maana palikuwa na baridi, likamkaa kama alizaliwa nalo. Alitaka kumshukuru. Lakini ukitaka kumshukuru mtu, kwanza umwite, na tangu mwanamke yule aje kumlea, Kinyozi akiwa mtoto wa darasa la kwanza, hajawahi kumwita chochote. Kumwita “Mama” alikataa. “Mama mdogo” alikataa pia. Akiwa na shida hukohoa, kisha huanza na “Hivi…” Kwa hiyo alifika kijiweni na sweta mwilini na shukrani kooni, akaketi kwenye benchi nje ya saluni yake, akapokea kikombe cha kahawa.

— Aisee, umetupia! — alisema Redio, fundi wa redio ambaye mwenyewe hazimiki. — Hebu geuka. Hii misuko ya kifuani naijua. Ya wavuvi wa visiwa vya baridi. Kila ukoo na msuko wake. Mtu akizama, anatambuliwa kwa sweta.

— Kwani sura hana? — aliuliza Fundi Viatu, macho kwenye soli.

— Sura inaliwa na samaki, ndugu yangu. Sufu hawaili.

— Na nyota za mabegani?

— Watu wa theluji hao. Usiku wao hauishi. Wanakaa dirishani wanazihesabu, wanazifuma.

Mama Kahawa aliinua birika.

— Mikono je? Hii mistari kama ngazi ni ya milimani, wanakofuga wale wanyama wa sufu wenye shingo ndefu. Nimewaona kwenye televisheni.

— Twiga?

— Twiga ana sufu, wewe?

Kinyozi alijua zaidi ya wote. Mwanamke yule hununua masweta ya mitumba yaliyotoboka viwiko, akayafumua polepole, uzi ukijikunja gotini. Humo ndimo anamojifunzia kufuma, kwani kila msuko humwonyesha ulivyofungwa kadiri unavyofunguka. Theluji hajawahi kuikanyaga, lakini nyota zake amezifungua kwa vidole, akazifunga upya. Kuyasema hayo, hata hivyo, kungemlazimu aseme mwanamke huyo ni nani kwake. Akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Wote mmepotea — alisema Fundi Viatu. — Vitu hivi vilianza kwetu. Wabunifu wa ng'ambo waliona mikeka ya bibi zetu, wakaipiga picha, wakailisha kompyuta, kompyuta ikatapika sweta. Tunauziwa vya kwetu!

— Mbona bibi yako hakufuma sweta?

— Alikuwa na joto!

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Redio hakukubali kufunikwa.

— Basi niwaambie ukweli. Ni ndege. Mmeona kiota kinavyoning'inia? Kimefumwa kile! Ndege anahama, anakwenda na ufundi wake. Huku akatua kwenye mkeka, kule akatua kwenye sweta. Dunia nzima imefundishwa na ndege mmoja.

— Jike au dume? — aliuliza Mama Kahawa.

— Hilo bado linachunguzwa.

Msichana mmoja, mwanafunzi wa ubunifu wa mavazi, alikuwa amesimama pembeni akimalizia kikombe. Hawakuwa wakimjua.

— Samahanini — alisema. — Nani amelifuma?

Redio alimtazama Fundi Viatu. Fundi Viatu aliitazama soli. Mama Kahawa aliinamisha birika, likatoa machicha. Kisha wote wakamgeukia Kinyozi.

— Kuna… mtu wa nyumbani.

— Mtu gani?

Ng'ambo ya barabara mwanamke yule alikuwa akitoka kwenye kibanda cha mitumba, mfuko wa masweta makuukuu begani, mkono mmoja wa sweta ukining'inia nje. Alipita bila kutazama benchi, kama alivyozoea, asije akamtia kijana wa watu aibu. Alikuwa anakaribia kona. Akiipita, ndiyo mpaka jioni, na jioni ni kukohoa tena.

Kinyozi alisimama. Akakohoa. Barabara ilikuwa na kelele.

— Mama!

Wanawake wote barabarani waligeuka, isipokuwa yeye. Hakuwa na sababu ya kudhani ni yeye anayeitwa.

— Mama! — aliita tena, akivuka. — Mama, sweta limenikaa!