Mama Sikio, Muuguzi Aliyesikiliza Vifua

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wauguzi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu na sare zenu, familia imenikabidhi mimi, mdogo wake wa mwisho, nisimulie maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Sikio.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, fundi saa, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, akachelewa kuongea mpaka wazazi wakadhani ni bubu, kumbe mwenzetu alikuwa anasikiliza, kwani akiwa na miaka minne aliweza kufumba macho na kumwambia baba ni saa ipi ukutani iliyokuwa inakaribia kusimama.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1964 hadi 1970, sekondari hadi 1974, akahitimu chuo cha uuguzi tarehe 1 Desemba 1978, na mwezi uliofuata akaajiriwa wodi ya watoto, yenye vitanda kumi na sita na madirisha ya kijani, ambako, alisema, mchana watoto wakilala, mtu alisikia pumzi zao wote kama yuko ndotoni.

Tarehe 14 Juni 1979, na hili aliagiza lisomwe, alimhudumia mtoto wa pumu ambaye kifua chake kilipiga filimbi tangu asubuhi, mchana akasikiliza tena akakuta filimbi zimekwisha, akafurahi, akamwambia mama mtu kwamba mwanawe amepata nafuu, kumbe kifua kilinyamaza kwa sababu hewa ilikuwa karibu haipiti tena, na kama muuguzi mkuu asingepita akaiona midomo imebadilika rangi, akamkimbiza mtoto kwenye oksijeni, tungekuwa na habari nyingine. Mtoto alipona, lakini dada alijilaumu miaka mingi, kwa sababu alimwambia yule mama jambo alilotamani yeye mwenyewe.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na seremala aliyemjia na kikohozi cha vumbi la mbao, shemeji yetu ambaye alijigamba mpaka alipofariki mwaka 2012 kwamba mkewe aliyajua mapafu yake kabla ya kulijua jina lake, wakajaliwa watoto wawili, kijana wetu dereva na binti yetu daktari.

Kuanzia 1988 hadi alipostaafu mwaka 2016 alifundisha chuoni, akiwasugulia wanafunzi nywele kando ya sikio ili waijue sauti ya pafu lililokakamaa, akisisitiza shati livuliwe, maana hata sweta lina kelele zake, naye akisikiliza alifumba macho muda mrefu mno, na siku moja kweli alilala, mgonjwa naye akalala, wanafunzi wakabaki wamesimama bila kujua wamwamshe nani.

Mwaka 2021 alianza kukohoa kikohozi kikavu, na Jumapili tarehe 6 Februari 2022, barazani, alimpa binti yake stethoskopu na kumgeuzia mgongo, binti akasikia chini ya mapafu yote mawili ile sauti ya nywele, akajua mapafu yamekakamaa, lakini akasema kifua ni safi. Dada alivaa blauzi yake akashukuru, ingawa alikuwa amekwisha kujisikiliza, na aliniambia kwamba ugonjwa haumtishi, linalomnyima usingizi ni mwanawe kuingia wodini kesho na kuwapa watu maneno matamu. Siku kumi na tisa baadaye binti alikuja bila taarifa, akaketi kitandani, akalia, akasema yote, dada akamuuliza sauti imepanda hadi ubavu wa ngapi, binti akamwonyesha kwa kidole, na dada akacheka kwa furaha ambayo sisi wengine hatukuielewa, kisha akaomba chai.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Novemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Binti alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, sisi tukasimama tukimuuliza kama mama amelala, tukimbembeleza kwa sauti zetu aseme ndiyo, akavua stethoskopu, akatutazama, akasema hapana, mama amekufa.

Tunawashukuru madaktari waliomtibu, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake ambao hawakuacha kuja hata alipokuwa hawezi tena kuzungumza.

Dada, binti yako alisema kweli, sasa pumzika kwa amani.