Upande wa Moshi

Mungu wa rehema apewe sifa, ndugu zangu. Na nyinyi mliokaa nyuma mtanisikia tu, sauti yangu mnaijua haihitaji spika.

Ninayoyasema ni ya mwaka ule tuliokula bada, ugali wa muhogo, na vichwa vya dagaa. Hapa Kigombe hakuna aliyeusahau. Mvua ilikata, nazi ikawa ya kuombana, mchele tukauona kwenye harusi za watu. Asubuhi bada na vichwa, jioni bada na vichwa. Dagaa wazima walikwenda kwa wanunuzi. Sisi tuliowachemsha tulibaki na vile vichwa vilivyokatika vikazama chini ya sufuria.

Mimi nilikuwa msimamizi wa jiko. Shule niliishia darasa la pili, lakini kwenye dagaa hakuna wa kunifundisha. Tenga likizamishwa kwenye maji ya chumvi yanayotokota, nilijua kwa harufu kwamba wametosha. Ukiwatoa mapema wanaoza wakiwa wameanikwa. Ukichelewa wanakatika vichwa, na mnunuzi hataki dagaa asiye na kichwa. Wajukuu zangu wote wamesomeshwa na mikono hii mnayoiona. Nilikuwa na haki ya kujivuna, nami nilijivuna mpaka nikapitiliza.

Tulikuwa na desturi. Mwanamke mgeni akija kazini anasimama upande wa moshi. Upepo wa bahari husukuma moshi wote upande mmoja wa jiko, na mgeni ndiye anayekaa huko, peke yake, siku saba. Haonyeshwi kitu. Sisi tuko upande wa pili tunacheka. Nami nilipitishwa humohumo nilipoolewa hapa kutoka Muheza. Nililia, nikajifunza. Nikasema na wengine walie.

Akaja Zuhura. Binti wa Mwera, kaachwa na mume, mtoto kamwacha kwa mama yake, kanga anazo mbili. Akaniamkia shikamoo huku amepiga goti. Nilimwitikia nimeshamgeuzia mgongo.

Siku ya kwanza alichelewa kuwatoa, dagaa wa tenga zima wakakatika vichwa. Bi Mwanaidi, rafiki yangu, mdomo wake mnaujua, akampa jina palepale.

"Bi Vichwa, leo watupikia supu?"

"Mwacheni," nikasema mimi. "Kwao Mwera dagaa huzaliwa hawana vichwa."

Jiko zima likaangua kicheko. Na yeye alicheka, ndugu zangu. Alicheka huku anafuta macho kwa ncha ya kanga, nasi tukasema ni moshi.

Siku ya nne alinifuata pembeni. "Bibi, nakuomba unionyeshe mara moja tu. Sioni kwa moshi huu."

Nikamjibu, "Macho unayo. Tazama."

Siku ya tano maboti yaliingia yote kwa pamoja. Matenga yalipangana mpaka mlangoni mwa banda. Nikawa napiga kelele, "Zuhura, tenga! Wewe, tenga!" Akalinyanyua peke yake, tenga ambalo sisi tulilinyanyua wawili wawili. Macho kayafumba kwa moshi. Mguu ukateleza, akaliangukia sufuria, maji yakammwagikia toka goti mpaka vidoleni. Nimezaa na nimezika, sijapata kusikia ukelele ule. Tukampaka dawa ya meno, ujinga wetu huo, na muuguzi wa zahanati akatufokea kama watoto.

Jioni tajiri wetu, mwenye banda, akaja kwangu. "Bibi, watu watakuuliza. Waambie binti hakuwa makini." Nikakubali. Nawaambia ukweli mbele za Mungu, nilikubali, na niliona ni haki.

Kesho yake nilimpelekea uji zahanati. Nilijua atanitukana, na jibu nilikwenda nalo mdomoni. Nikamkuta amelala, mguu umefungwa wote. Aliponiona akajikongoja ainuke.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe. Nimewaharibia dagaa."

Ndugu zangu, nilikosa pa kuweka lile bakuli. Nimetukanwa na mawifi, nimetukanwa na wanunuzi, hakuna tusi lililonipiga kama samahani ile. Mtoto wa mwenzangu kaungua, naye anawasikitikia dagaa. Ndilo somo pekee tulilompa siku zote tano: dagaa ana thamani, yeye hana. Nikapiga magoti sakafuni, mbele ya wagonjwa, mimi Mbondei wa kanisani katikati ya Waislamu, wala sikuona haya. Nikamwambia Mungu, "Aliyemchoma huyu ni mimi." Kisha nikamgeukia Zuhura nikamwambia hivyohivyo.

Aliusogeza mguu wake pembeni. Akasema, "Bibi, njoo ukae kitandani basi, hayo magoti yako mabovu."

Hapo ndipo nilipofunguliwa. Kiburi kilinitoka kama mwiba wa samaki unavyotoka kooni, na damu yake. Tajiri nikamwendea nikamwambia yale maneno tuliyopatana siyasemi, kosa ni langu.

Namshukuru Mungu aliyenivunja kabla sijaua mtu. Leo jiko lile analisimamia mwingine. Mimi nabeba tenga kama wenzangu, na Zuhura ndiye anayenyanyua upande wa pili. Wewe uliyeletewa mgeni kazini kwako, shambani, jikoni, hata huko ofisini kwenye viti vya kuzunguka, yule asiyejua kitu ni Mungu amekukabidhi. Mtegemee Mungu, mwendee hukohuko aliko, mshike mkono. Hutapungukiwa. Na wewe mgeni unayelia, usiseme ni moshi. Sema umeshindwa, uonyeshwe.

Nimalizie na siku aliyorudi. Mguu ulikuwa umepona, kovu linang'aa. Nikamchukua, nikasimama naye upande wa moshi, bega kwa bega, nikiushika mkono wake juu ya tenga. Tajiri akatokea mlangoni.

"Bibi, toka hapo. Huyu siku zake saba hakuzimaliza. Aanze upya, peke yake, kama mlivyoanza nyote."

Nikamwambia, "Simsimamishi mtu peke yake kwenye moshi."

Akacheka. "Unajua wanaolitaka jiko hili ni wangapi?"

Bi Mwanaidi akaweka chini tenga lake. "Tajiri, huyo akishasema kasema. Mie namjua."

Tajiri hakumtazama. Alinitazama mimi. "Nakuuliza mara ya mwisho. Jiko, au huyu binti?"

Moshi ulikuwa umenijaa kifuani. Nikakohoa, nikatema mate pembeni, nikamwambia:

"Simsimamishi mtu peke yake kwenye moshi."