Mzee Koni, Dubu na Barafu za Pakiti

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, mkuu wetu wa mauzo anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda hiki cha aiskrimu kwa miaka thelathini na mitatu. Wote tunamwita Mzee Koni, na hata mama mkwe wake humwita hivyo.

Alianza kwa kusukuma mkokoteni wa aiskrimu. Siku ya kwanza aliupeleka moja kwa moja kituo cha polisi, akiamini askari nao huona joto. Hakukosea, aliuza zote. Ila alishikiliwa hadi jioni kwa sababu kengele yake ilimkatizia mkuu wa kituo usingizi wa mchana.

Alipopanda cheo hadi mauzo, mambo yakachacha. Kampuni kubwa ya ng'ambo iliingia mjini ikiwagawia wenye maduka friza za bure, kwa sharti moja: isiingie humo aiskrimu ya mwingine yeyote. Wenye maduka wakatii. Walijaza nyama, samaki na maji ya kunywa, lakini aiskrimu yetu, hapana. Wafugaji nao wakahamishia maziwa kwa mgeni. Mkurugenzi akatutangazia kwamba tukiendelea hivyo, kiwanda kitafungwa.

Mzee Koni akaenda kwa fundi cherehani, akashonewa vazi la koni kwa sponji la godoro, akasimama sokoni akicheza. Washindani wakamleta mtu aliyevaa ngozi ya dubu. Walicheza jua la utosi, wakisukumana kugombea kivuli kimoja, hadi koni ikaanguka huku na dubu kule. Umati ukapiga makofi ukidhani ndiyo mwisho wa onyesho.

Aliyewaokoa ni mama mmoja aliyekuwa akiuza barafu za pakiti mlangoni kwake, jirani na soko. Aliwawekea moja moja utosini, na walipozinduka akawauzia nyingine. Mzee Koni akataka kujua anawezaje kuuza vile bila mbwembwe.

“Kaka,” akamjibu, “mimi niko mlangoni kwangu, na sijavaa godoro.”

Mwezi uliofuata tukaanza kutengeneza aiskrimu ndogo za pakiti na kuwapelekea akina mama wenye friji nyumbani, wauze milangoni. Friza za bure zikabaki na samaki wao. Kiwanda kikapona, wafugaji wakarudi, na dubu mwenyewe akahamia kwetu. Ndiye dereva wetu wa usambazaji hadi leo.

Aliyekataa katakata kuuza bidhaa zetu ni yule mama. Mzee Koni alimwendea kila wiki kumshawishi, kila wiki akarudi mikono mitupu, mwishowe wakaoana. Bado anakataa.

Juzi tulimuuliza Mzee Koni atafanya nini akistaafu, tukitarajia kusikia habari za kupumzika. Akakohoa kidogo, akatazama viatu vyake.

“Namsaidia mama watoto,” alisema. “Tumepata kibanda mbele ya geti lenu.”

Tulilisikia lile “lenu”. Tulikwenda kuchungulia, na kweli, kibanda kimeshapakwa rangi, na walinzi wetu wawili walikuwa kwenye foleni.

Mzee Koni, asante kwa kutushikia kiwanda kisianguke. Tunakutakia maisha mema, afya tele, na mauzo ya wastani.