Nailoni ya Viti vya Riaz

Riaz wa Kikwajuni alipanda gari la abiria kwenda Chwaka kwa sababu gari lake mwenyewe, jeupe, kalikodisha kwa mtalii. Hata siku lisipokodiwa, yeye halipandi ovyo. Viti vyake vilikuja na nailoni kutoka dukani, na nailoni ile alitaka izeeke pale pale.

Baada ya shikamoo na marahaba, Bi Mwanapili aliyekaa ubavuni mwake akaanza kusifu. "Mwanangu, Chwaka tumepata mgeni, Mzungu ana roho nzuri huyo! Kakodi gari jeupe, basi sote twalipanda. Jana katupakilia mwani mbichi, magunia mpaka juu ya viti."

Riaz akamgeukia. "Viti vyenyewe vina nailoni, Bi?"

"Vilikuwa nayo. Tukaichana, ilikuwa yatuganda mapajani. Nani mwenye akili zake anakivisha kiti koti la mvua?"

"Labda mwenye gari alikuwa akivitunza."

"Amtunzie nani? Gari si bibi harusi!"

Gari la abiria likasimama Chwaka. Hapo kituoni, gari lake jeupe lilikuwa likimsubiri Bi Mwanapili, mwani unaning'inia mlangoni, Mzungu anapunga mkono. Bi Mwanapili akamshika Riaz, akamsukumia ndani.

"Ingia, mwanangu, usione haya. Mwenyewe hana choyo."

Riaz akakaa. Miaka mitatu analo gari lile, na hakujua kama viti vyake ni laini vile.